Tiketi Rahisi ya Safari ya Mbali: Jua Malipo ya Ziada Kabla ya Kufunga Mzigo

Januari 2024 shirika la flydubai lilianza safari za moja kwa moja kati ya Dubai na Mombasa, mara nne kwa wiki. Kwa watu wa Pwani hilo halikuwa jambo dogo. Mtu wa Kisauni, Likoni, Kilifi au Malindi sasa aweza kuondoka uwanja wa Moi akafika Ghuba bila kwenda Nairobi kwanza, na kutoka Dubai akaunganisha kwenda Ulaya au Asia. Wanaopitia Nairobi nao wana Air Arabia ya Sharjah, na Novemba 2024 AirAsia X ya Malaysia ilifungua njia ya Kuala Lumpur hadi Nairobi. Njia kama hizi hufunguliwa na kufungwa kwa haraka, kwa hivyo mwenye kupanga safari aangalie kwanza kama bado ipo.

Mashirika haya matatu yote yalizaliwa katika mtindo mmoja, mtindo wa bei nafuu. Tiketi huwa chini kwa sababu vitu ambavyo zamani vilikuwa ndani yake vimetolewa nje na kuuzwa kimoja kimoja. Asiyejua hilo hufika kaunta na masanduku mawili, akaambiwa tiketi yake haina hata kilo moja ya mzigo. Makala haya yanaeleza mtindo wenyewe, malipo yanakojificha, namna ya kupiga hesabu kabla ya kulipa, na haki za msafiri mambo yakienda kombo.

Mtindo huu ulianzia wapi

Wazo la kuuza safari ndefu kwa bei ya chini si geni. Septemba 1977 Mwingereza Freddie Laker alianzisha Skytrain, ndege ya kutoka uwanja wa Gatwick, London, hadi New York kwa pauni 59 kwenda tu. Chakula hakikuwamo, anayetaka alinunua. Watu walipanga foleni ndefu, lakini Februari 1982 kampuni ikafilisika.

Norwegian ya Norway ilianza safari zake za mbali mwaka 2013, ikaziacha Januari 2021. WOW air ya Iceland ilifunga Machi 28, 2019, na abiria wakaachwa viwanjani na tiketi ambazo hazikuwa na maana tena.

Kwa nini safari ndefu huyashinda mashirika mengi ya bei nafuu? Katika safari fupi ndege moja yaweza kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, na kila mzunguko unaleta pesa. Safari ya saa nane au kumi haina nafasi hiyo, ndege hufanya safari moja au mbili siku ikaisha. Mafuta huchukua sehemu kubwa zaidi ya gharama. Abiria naye hawezi kukaa saa kumi bila kula, tena huwa na mzigo kwa sababu anakwenda kukaa wiki au miezi. Basi pengo la bei ya tiketi lazima lizibwe na mzigo, kiti na sahani ya wali. Tukishalijua hilo, hatutashangaa kwamba chaji nyingi zipo. Kazi yetu ni kuzijua mapema.

Wala si mashirika madogo peke yake. Mwaka 2008 American Airlines, moja ya mashirika makubwa ya Marekani, ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza la kupakiwa, na wengi wakaifuata. Leo hata mashirika makubwa yanauza tiketi za daraja la chini kabisa zisizo na mzigo. Kwa hivyo usitazame jina la shirika pekee, tazama na aina ya tiketi.

Aina ya tiketi ndiyo siri ya kwanza

Mashirika haya hugawa tiketi za ndege moja katika mafungu. Kwa flydubai, kwa mfano, fungu la chini la daraja la kawaida huitwa Lite, kisha Value, kisha Flex. Lite haina mzigo wa kupakiwa chini, ina begi la mkononi tu. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyopata kilo, na ndivyo kubadili tarehe kunavyokuwa rahisi.

Bei inayotangazwa kwa maandishi makubwa huwa ni ya fungu la chini. Ajenti akikwambia "nimekupatia tiketi rahisi kuliko zote", muulize jina la fungu. Abiria wawili waliokaa viti vya jirani wanaweza kuwa na haki tofauti kabisa.

Malipo yanakojificha

*Mzigo wa kupakiwa.* Hapa ndipo pesa nyingi huenda. Kilo hununuliwa kwa bei tatu: ya chini ukinunua pamoja na tiketi, ya kati ukiongeza baadaye kwenye tovuti au programu ya shirika, na ya juu kabisa ukilipia kaunta siku ya safari. Kaunta hupima kila kilo iliyozidi, na kilo tano tu zaweza kugharimu zaidi ya nguo zilizomo ndani yake. Angalia pia kama kilo ulizonunua ni za kwenda tu au za kwenda na kurudi.

*Begi la mkononi.* Flydubai huruhusu kilo 7, Air Arabia kilo 10. Linapimwa uzito na ukubwa. Wengi hudhani mizani iko kaunta tu, kumbe laweza kupimwa tena mlangoni pa kupandia ndege, mahali ambapo huna wa kumwachia kitu. Novemba 2024 kamati moja ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti kwamba mashirika mawili ya huko, Frontier na Spirit, yaliwalipa wafanyakazi wa milangoni na wengineo jumla ya dola milioni 26 kati ya 2022 na 2023 kwa kuwanasa abiria waliokiuka kanuni za mabegi. Usitegemee kwamba mtu wa mlangoni atalifumbia macho begi lako.

*Kiti.* Usipochagua, kompyuta hukupangia, na mume na mke waweza kutenganishwa. Kuchagua huwa kwa pesa, na viti vya mbele au vyenye nafasi ya miguu huwa ghali zaidi. Ripoti hiyohiyo ya Marekani ilisema mashirika matano yalikusanya dola bilioni 12.4 kwa ada za viti pekee kati ya 2018 na 2023. Mwenye watoto wadogo au mzee asiyeweza kukaa peke yake alipie kiti mapema. Kijana anayesafiri peke yake hana haja.

*Chakula na maji.* Kwenye tiketi za chini mara nyingi chakula hununuliwa. Kuagiza kabla huwa nafuu kuliko kununua angani. Mashirika ya Ghuba chakula chao ni cha halali. Unapopanda la nchi nyingine, angalia kama chakula cha Kiislamu kinapatikana na kama lazima kiagizwe mapema. Unaweza kubeba mahamri, viazi vya karai au tende zako. Vimiminika ndivyo vyenye masharti ya ukaguzi: kwa kawaida kila chupa isizidi mililita 100. Chukua chupa tupu uijaze baada ya ukaguzi.

*Kuripoti na pasi ya kupandia.* Baadhi ya mashirika hutaka uripoti mtandaoni kabla ya kufika uwanjani, na asiyefanya hivyo hutozwa kaunta. Fanya nyumbani, uhifadhi pasi kwenye simu na uchapishe nakala moja. Simu huzima, karatasi haizimi.

*Jina.* Hili linatugusa sana watu wa Pwani. Pasipoti imeandika Mohamed, ajenti ameandika Muhammad. Binti ana majina matatu, tiketi ina mawili. Kwa mashirika haya kusahihisha jina mara nyingi ni huduma ya kulipia, na kosa kubwa laweza kukulazimu kununua tiketi upya. Mpe ajenti picha ya pasipoti, usimtajie jina kwa simu. Tiketi ikitumwa, linganisha herufi kwa herufi siku hiyohiyo.

*Tarehe.* Tiketi ya chini ukibadili siku hulipa ada pamoja na tofauti ya bei, na ukiivunja yaweza isirudishe kitu. Asiyekuwa na uhakika wa viza asikimbilie fungu la chini.

*Sarafu na kadi.* Bei yaweza kuonyeshwa kwa dirham au dola. Benki yako hubadilisha kwa kiwango chake na huenda ikaongeza ada. Tovuti ikikupa chaguo la kulipa kwa shilingi, linganisha kiwango chake na cha benki kabla ya kukubali.

*Uwanja wenyewe.* Dubai na Sharjah ni karibu, lakini ni viwanja viwili vya emirati mbili. London nayo ina viwanja kadhaa, na baadhi viko mbali na mji. Teksi ya usiku yaweza kumeza faida yote ya tiketi.

Tiketi mbili tofauti: hatari isiyoonekana

Mtu huona Mombasa hadi Dubai kwa bei nzuri, kisha Dubai hadi Ulaya kwa shirika jingine kwa bei nzuri. Anazinunua mbalimbali na kuokoa maelfu. Hesabu ni sahihi mradi kila kitu kiende sawa. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako, kwani kwao wewe ni abiria aliyekosa ndege. Mzigo wako nao kwa kawaida hautapelekwa hadi mwisho. Utauchukua Dubai na kuusajili upya, na ili kuufikia lazima upite uhamiaji, yaani uwe na viza ya Imarati. Mwenye pasipoti ya Kenya asiyekuwa na viza hiyo hukwama.

Safari ikiwa kwenye tiketi moja, mzigo huenda hadi mwisho, na kuchelewa kwa ndege ya kwanza ni jukumu la aliyekuuzia. Flydubai na Emirates, kwa mfano, wana ushirikiano wa namna hiyo tangu 2017. Ukilazimika kununua tiketi mbili, weka nafasi kubwa ya saa kati yake na uhakikishe viza ya unapopita.

Hesabu kabla ya pesa

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue mfano wa kufunza hesabu tu, si bei za shirika lolote.

Shirika la kwanza lauza tiketi ya kwenda na kurudi kwa shilingi 42,000 bila chochote. La pili lauza kwa 61,000 pamoja na kilo 30 na chakula. Ukiongeza kwa la kwanza mzigo wa 8,000 kwenda na 8,000 kurudi, chakula 1,800 kila upande, na kiti 1,500 kila upande, jumla yafika shilingi 64,600. Tiketi "rahisi" imekuwa ghali kwa 3,600.

Sasa mwangalie msafiri mwengine. Anakwenda kumuona dada yake siku nne, ana begi la kilo 6, amekula nyumbani, kiti chochote kwake sawa. Yeye analipa 42,000 na kuokoa 19,000. Tiketi ileile ni hasara kwa mmoja na faida kwa mwengine. Kwa hivyo usinunue kwa kusikia kwamba fulani alipata kwa bei nzuri. Anza na mzigo wako na siku zako, kisha ndiyo utafute tiketi.

Wanaoumia zaidi

Wa kwanza ni dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani Ghuba. Mara nyingi tiketi hununuliwa na mwajiri au ofisi ya ajira, nao hawana sababu ya kununua fungu la juu. Mtu amemaliza mkataba wa miaka miwili, amekusanya nguo za watoto, blanketi la mamake na zawadi za jirani, kisha kaunta anaambiwa alipie kilo zote au aziache. Pesa alizobaki nazo ni za teksi. Jamaa wasaidie kutoka huku: wiki mbili kabla ya safari mwombeni awatumie tiketi kwa simu, someni kilo zake, na ikipungua nunueni mzigo mtandaoni kwa nambari ya tiketi. Ndiyo nafuu kuliko kaunta.

Wa pili ni wazee wanaokwenda Umra. Mwenye kundi hutaja hoteli na umbali wake kutoka Haram, lakini tiketi haielezwi. Ulizeni kilo za kwenda na za kurudi, na ulizeni habari ya maji ya Zamzam. Maji hayo hayaruhusiwi kutiwa ndani ya sanduku. Huuzwa kwenye boksi maalum la lita 5 na husajiliwa peke yake, na kila shirika lina kanuni yake kama boksi hilo ni bure au ni mzigo wa kulipia. Mzee mwenye kuhitaji kiti cha magurudumu naye aombewe wakati wa kununua tiketi, si asubuhi ya safari.

Wa tatu ni wafanyabiashara wadogo wanaoleta mabuibui, manukato na vifaa vya simu. Kwao kilo ni mtaji. Walinganishe bei ya kilo za ndege na bei ya kutuma kwa kago, na wakumbuke kwamba betri za akiba za simu haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Lazima ziwe mkononi.

Sheria inasemaje

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata maelezo ya kumwezesha kufaidika na huduma anayoilipia. Sheria ya Ushindani, kifungu cha 56, inakataza mtoa huduma kumtoza mteja ada ambayo hakujulishwa kabla. Kwa maneno mengine, chaji iliyoandikwa wazi kwenye masharti ni halali hata ikituuma. Chaji iliyofichwa ndiyo ya kulalamikiwa. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa shirika kwa maandishi, kisha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) au Mamlaka ya Ushindani.

Ajenti naye ana wajibu. Akikuuzia Lite huku akikwambia ina kilo 30, kosa ni lake na si la shirika. Ndiyo maana kila ahadi itakiwe kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp watosha kuwa ushahidi.

Kuhusu mzigo uliopotea au kuharibika, upo Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kenya, Imarati na Saudia zote zimo. Mkataba huo hautofautishi tiketi rahisi na tiketi ghali. Fidia ya juu ya mzigo kwa kila abiria, tangu Desemba 28, 2024, ni vizio 1,519 vya SDR, hesabu ya fedha ya Shirika la Fedha Duniani, ambavyo ni takriban dola 2,000. Hicho ni kikomo, si malipo ya moja kwa moja, na utatakiwa uonyeshe hasara yako.

Muda ndio huwaponza watu. Mzigo ukiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Usipofika kwa siku 21, unahesabiwa umepotea. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2. Usitoke uwanjani bila kujaza fomu ya mzigo na kupewa nakala. Dhahabu, pesa taslimu na hati zisiwekwe kwenye sanduku.

Ulaya nako mvutano unaendelea. Mwaka 2014 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema begi la mkononi lenye ukubwa na uzito wa kiasi ni hitaji la kawaida la msafiri, lisitozwe ziada. Novemba 2024 serikali ya Uhispania iliyatoza mashirika matano faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa ada za mabegi na mambo mengine. Mashirika yakapinga. Jamaa zetu walio Ulaya wafuatilie habari hiyo, maana yawahusu.

Maswali manane ya kumuuliza ajenti

1. Tiketi hii ni ya fungu gani?
2. Ina kilo ngapi za chini kwenda, na ngapi kurudi?
3. Begi la mkononi ni kilo ngapi na ukubwa gani?
4. Chakula kimo, na kiti kimo?
5. Nikibadili tarehe au nikivunja safari, nalipa nini na narudishiwa nini?
6. Ni tiketi moja hadi mwisho au ni mbili? Mzigo utafika wapi?
7. Natua uwanja gani hasa, na nahitaji viza ya kupita?
8. Wewe ajenti umeongeza shilingi ngapi juu ya bei ya shirika?

La nane huwaudhi baadhi yao. Liulize tu. Ajenti mwaminifu ana haki ya ujira wake na hana sababu ya kuuficha.

Lingine la mwisho ni kununua mizani ndogo ya mkononi. Inauzwa maduka mengi ya mjini na mtaa mzima waweza kuitumia kwa zamu. Pima sanduku nyumbani, mbele ya wanao kusaidia kufunga, hapo ambapo kilichozidi kinarudi kabatini. Ukiacha kazi hiyo ifanywe uwanjani, kilichozidi utakilipia au utakiacha.